Mwajiri wa Nakuru, Ile Asilimia 5 Pia ni ya Msee wa Bipola

Msee wa mtaa akitoka wodi ya akili, iwe Nakuru Level 5 ama Gilgil, majirani huuliza swali moja tu: "Amepona?" Ni wachache huuliza mboka atapata wapi. Na bila mboka, hata nauli ya kurudi kliniki kuchukua dawa inakuwa noma.

Sheria si mbaya vile unadhani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kukubagua kwa sababu ya hali yako ya akili. Halafu Mei 2025 Rais Ruto akasaini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa walemavu, na ulemavu wa akili umo. Sasa piga hesabu. Shamba la maua Naivasha lenye watu 1,000 linafaa kuwa na nafasi 50.

Shida iko wapi basi?

Kwanza, mdosi akisikia "mlemavu" anawaza kiti cha magurudumu. Akisikia skizofrenia anawaza panga.

Pili, ndio uhesabiwe kwa ile asilimia 5, lazima uwe na kadi ya ulemavu. Lakini ukionyesha kadi, umejianika. Kesho kazini unaitwa "kesi ya Mathari". Na ile afueni ya ushuru ya hadi 150,000 kwa mwezi haimsaidii msee wa kibarua, maana mshahara wake haufiki hata kiwango cha kukatwa PAYE. Ndio maana wengi huamua kunyamaza, na ni ngumu kuwalaumu.

Tatu, tunapenda kuwapeleka watu kozi. Ushonaji, shanga, sabuni, kisha kozi ingine. Cheti kinajaa kabati, mfuko uko tupu.

Kuna njia ingine. Marekani, miaka ya 1990, watafiti Robert Drake na Deborah Becker waligeuza mpango mzima: tafuta kazi ya kawaida kwanza, mtu afunzwe akiwa hapo hapo kazini, na mhudumu mmoja aendelee kumfuata yeye na mdosi wake. Hakuna kungoja mtu awe "tayari". Akisema anataka kazi, hiyo inatosha. Imepimwa nchi kadhaa, na kwa jumla zaidi ya nusu ya watu walipata ajira, ilhali kwa mipango ya kawaida ni karibu robo tu.

Ukileta hiyo kitu hapa kwetu, mambo mengi ni madogo tu. Dawa zingine humwachia mtu usingizi mzito asubuhi, kwa hivyo zamu ya saa kumi na mbili inamkataa, lakini ya saa nne anaiweza. Zamu ya usiku inaharibu usingizi, na kwa mtu wa bipola kukosa usingizi kunaweza kumrudisha wodi. Siku ya kliniki inajulikana mapema, mpe ruhusa bila kumkata doo. Na wawe na mtu mmoja wa kupigia simu dalili zikianza, kabla mambo hayajaharibika.

Tukubaliane pia, si kila mtu ataajiriwa na kampuni. Nakuru wengi ni mitumba, boda na kuuza viazi kutoka Molo. Huko hakuna sheria ya asilimia 5, kuna tu mtu wa kukuamini na stoki ya kwanza. Lakini hata huko, yule wa kumfuatilia bado anahitajika, na kaunti inaweza kuanza na wahudumu wa afya ya jamii ambao tayari wanatembea Kaptembwo na Rhonda nyumba kwa nyumba.

Kama una watu 20 kwa payroll yako, sheria inakuhusu leo. Na kama una kibanda tu, ungempa msee kama huyo zamu ya saa nne?