Fremu ya Kuchomelewa Mwanhuzi

Siku hizi kuna mtindo wa kuandika kuhusu baiskeli za masafa kana kwamba safari ndefu iliingia nchini juzi, ndani ya boksi, pamoja na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Jamani! Mkulima wa Meatu anayepeleka pamba ghalani, au kijana wa Bariadi anayebeba abiria kwenye keria, hao wanafanya nini? Mzungu akipita na mabegi manne tunasema anatalii. Msukuma akipita na magunia mawili ya mkaa tunasema ni shida za maisha. Barabara ni ileile, jua lilelile.

Sina ugomvi na usukani ule. Bariadi hadi Lamadi ni kama kilomita 70, na upepo ukikukabili utashukuru kuwa na mahali pa kuinama na kubadilishia mikono. Ugomvi wangu ni na anayekushauri uanze na usukani. Anza na fundi. Fremu ya chuma ikipasuka Mwanhuzi, itachomelewa kwa mashine ileile inayochomelea mageti. Ya alumini inataka gesi yake na fundi aliyeizoea. Ukimkosa, unarudi nyumbani kwa basi.

Halafu magurudumu. Hapa ndipo watu wanapigwa. Tairi la Phoenix linaitwa inchi 28, na la baiskeli hizi mpya nalo mara nyingine linaitwa 28. Usidanganyike na jina. Pale linapokaa kwenye ringi, la Phoenix ni milimita 635, lile jipya 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini moja haliingii kwenye ringi ya jingine. Bora inchi 26, zile za baiskeli za gia za kawaida. Na hakikisha kuna nafasi kati ya tairi na fremu: udongo mweusi wa mbuga ukilowa unajaa hapo hadi gurudumu linagoma.

Mtaniambia Phoenix ni nzito na haina gia. Kweli, na sisemi uinunue. Nasema imedumu kwa sababu fundi wa chini ya mwembe anaijua yote, kuanzia gololi hadi spoki. Baiskeli yako mpya nayo ipitie kwa huyo fundi kwanza. Akikuna kichwa, usitoe hela.