Fundi akifika kabla ya taarifa

Saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Kasulu bado haijaachia. Watoto wamejikunyata ndani, uji uko kwenye jiko la mkaa barazani, sare za shule zilizofuliwa jana ziko kwenye kamba. Ghafla dirisha linazibwa na kivuli cha mtu aliyepanda juu ya pipa, nyundo mkononi, na lipu ya zamani inaanza kumwagika kuelekea kwenye sufuria.

Mama anatoka na kitenge kifuani. Fundi anamwamkia kwa heshima zote, kisha anauliza swali ambalo wapangaji wengi wa Kasulu na Kibondo wameshaulizwa: “Kwani mama mwenye nyumba hajakwambia?”

Hajamwambia. Mara nyingi si kwa ubaya. Mwenye nyumba anaona anafanya jambo jema: ukuta umekula unyevu tangu masika, bati linavuja, na mpangaji huyo huyo ndiye aliyekuwa akilalamika mwezi wa tatu. Sasa fundi amepatikana, mchanga umemwagwa, kazi ianze. Wazo la kumpigia simu mpangaji jioni ya jana halikumjia, kwa sababu kwa hesabu yake kazi ni ya nje. Fundi haingii chumbani kwa mtu.

Lakini nje ni wapi kwa familia inayoishi chumba kimoja? Nyumba nyingi za kupanga katika miji hii ni jengo refu la matofali ya kuchoma lenye vyumba vitano, sita au zaidi, uani kuna choo kimoja na bomba moja, wakati mwingine hata hilo bomba halipo. Barazani ndiko jikoni. Chini ya dirisha ndipo mtoto wa chekechea anapochezea vifuniko vya soda. Ukutani ndipo kamba ya nguo ilipofungwa. Anayegusa ukuta huo kwa nyundo amegusa jiko, chumba cha kusomea na uwanja wa michezo kwa mpigo mmoja.

Msimu nao una lake. Kwenye nyanda hizi mvua huanza kurudi karibu na mwezi wa kumi na kuendelea mpaka wa nne au wa tano. Kwa hiyo lipu, rangi, bati na mitaro vyote vinasubiri kiangazi, na kila mwenye nyumba anamtafuta fundi yule yule miezi ile ile. Fundi mwenye nyumba tatu mkononi hana ratiba ya kuaminika. Leo yuko hapa kwa sababu kule saruji imeisha. Hapo ndipo taarifa zinapopotea, hata kwa mwenye nyumba mwenye nia njema: yeye mwenyewe amejua jana saa mbili usiku. Na wengine hawaishi hapo, wako Kigoma Mjini au Dar es Salaam, nyumba inaangaliwa na shemeji.

Hata hivyo jana saa mbili usiku si haba. Mama aliyeambiwa saa mbili usiku anaanua nguo, anahamishia jiko upande wa pili, anafunika ndoo za maji, anasogeza kitanda kutoka ukutani, na anamwomba jirani wa nyumba ya pili amkalie na mdogo mpaka mchana. Usiku mmoja unatosha kwa mengi ya hayo.

Ambaye hakuambiwa anabaki kupambana na vitu ambavyo vingeweza kuepukika. Cha kwanza ni macho. Saruji mbichi na chokaa huunguza. Mtoto akiingiwa na punje ya lipu mbichi jichoni, asiachwe asugue. Aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha apelekwe kituo cha afya hata kama amenyamaza kulia. Ngozi nayo ioshwe mapema, maana saruji huunguza polepole na mtoto huanza kulalamika baada ya muda.

Cha pili ni misumari. Bati likibadilishwa, misumari ya zamani yenye kutu hudondoka kwenye udongo mwekundu ambapo haionekani kabisa. Watoto wa miji hii hucheza pekupeku. Msumari wenye kutu ukichoma mguu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi, na mtoto apelekwe kliniki na kadi yake ili ionekane kama chanjo za pepopunda zimekamilika. Zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto Tanzania, lakini wapo waliorukwa, hasa familia zinazohama hama.

Rangi ya zamani ikikwanguliwa kwa msasa hutoa vumbi, na baadhi ya rangi za mafuta za miaka iliyopita zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto mdogo hata kwa kiasi kidogo. Kumwagia ukuta maji kabla ya kukwangua hupunguza vumbi sana, na hakumgharimu fundi chochote isipokuwa ndoo moja. Kwenye majengo ya zamani, paa la vigae vipana vya kijivu vinavyofanana na saruji linaweza kuwa na asbesto. Hilo likivunjwa, nyuzi zake zisizoonekana huingia mapafuni, na Shirika la Afya Duniani limeshasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Vipande vyake si vya mtoto kuchezea wala vya kuezekea banda la kuku.

Shimo la choo ni habari nyingine, na pengine ndiyo nzito kuliko zote. Choo cha uani kikivunjwa sakafu asubuhi bila taarifa, familia sita hazina pa kwenda, na miongoni mwao kuna mjamzito, kuna mzee, kuna mtoto anayeharisha. Usiku shimo liko wazi. Hapa taarifa ya jioni moja haitoshi. Zinahitajika siku kadhaa, ili kuombwe choo cha jirani, ili mbao nzito za kufunikia zipatikane kabla jembe halijagusa ardhi, na ili kila mzazi ajue ni nani anayemsindikiza mtoto usiku. Kamba yenye kitambaa chekundu haimzuii mtoto wa miaka mitatu, inamwita.

Yapo pia madogo yasiyoua ila yanachosha. Dirisha likitolewa fremu leo na jipya likaja kesho kutwa, wizi unalalwa nao macho, na mbu wanaingia katika mkoa ambao ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini. Mtihani wa darasa la saba huwa mwezi wa tisa, katikati kabisa ya msimu wa nyundo. Mzazi mwenye mtahiniwa ana haki ya kuuliza: ile wiki fundi atakuwa upande gani?

Kuhusu haki, sheria ipo, ingawa wachache huitaja uani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji anayelipa kodi akae kwa amani bila kusumbuliwa. Kifungu hicho hicho kinasema pale mtu alipopanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia za pamoja ni jukumu la mwenye nyumba kuzitunza. Kwa maneno mengine, ukarabati wenyewe si hisani, na mpangaji hapaswi kuupokea kama zawadi isiyoulizwa maswali. Lakini sheria haikai na familia uani. Suala la siku ngapi kabla na saa ngapi kazi ianze ni la kuandikwa kwenye mkataba.

Tatizo ni mkataba gani. Mashirika ya kuhudumia wakimbizi yamewaleta watumishi wengi wa kupanga nyumba nzima, na wengi wao husaini karatasi zenye vipengele. Mpangaji wa chumba mkataba wake ni mstari kwenye daftari: jina, miezi, kiasi. Hata hivyo mstari mmoja zaidi unaingia humo humo siku ya kulipa kodi, wakati ambapo mwenye nyumba anacheka: “Mafundi wakija, taarifa siku tatu kabla, choo, wiki moja.” Uingereza, nchi yenye sheria za upangaji hadi za kuchosha, sheria yake ya 1985 inamtaka mwenye nyumba anayetaka kuingia kukagua hali ya nyumba atoe taarifa ya maandishi ya saa 24. Saa 24 tu. Siku tatu za Kibondo si kudai makubwa.

Kinachowafunga wengi mdomo ni deni. Mama anayedaiwa miezi miwili anaona hana uso wa kuuliza fundi anakuja lini; atajibiwa alipe kwanza. Ni hofu ya kweli, na wapo wenye nyumba wanaoitumia. Ila deni ni jambo moja na jicho la mtoto ni jingine, na mwenye nyumba mzazi analielewa hilo likisemwa kwa upole na bila kuchanganywa na malalamiko mengine. Ujumbe mfupi wa simu unasaidia kuliko mabishano ya barazani mbele ya fundi:

“Shikamoo baba. Ni mpangaji wako wa chumba cha nne. Tumefurahi kusikia ukuta utapigwa lipu. Naomba utujulishe siku na upande watakaoanzia, tuhamishe jiko na watoto. Mwisho wa mwezi nitakuja tuongee ile habari ya kodi.”

Ujumbe huo umeomba mambo mawili tu, siku na upande. Jibu likiwa “Marahaba mwanangu, Jumatatu, upande wa barabarani,” wapangaji wote sita wanaambiana. Ni vizuri pia mmoja wao awe na namba ya fundi mwenyewe, kwa sababu fundi ndiye anayejua kama Jumatatu itakuwa Jumatatu kweli.

Kuna siku taarifa haiwezekani. Upepo wa mvua za kwanza ukiezua bati saa tisa alasiri, hakuna wa kungojwa. Fundi apande, watoto wasogezwe, salamu baadaye. Ukuta ulioinama nao hauna siku tatu. Mpangaji anayedai barua wakati nguzo imepasuka anajitia hatarini mwenyewe, na ni vyema wazazi wakatofautisha mapema hilo na rangi ya sikukuu inayoweza kungoja Jumamosi.

Ikishindikana kabisa, nyundo zikawa za kila asubuhi na mwenye nyumba hapokei simu, mlango wa kwanza ni mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji. Wengi wao wamepanga au wamepangisha na wanaijua habari hii nje ndani. Baraza la kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, haliamui tena. Usuluhishi ukishindwa ndipo mgogoro uende baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Familia nyingi hazifiki huko kwa ajili ya lipu, na hazina haja.

Siku ya kazi yenyewe, makubaliano yafanywe na fundi na saidia fundi wake kabla hawajapanda jukwaani: wapi watarundika mabati ya zamani, wapi watachanganyia zege, ngazi italala wapi usiku. Mafundi wengi ni wazazi pia na husikiliza. Mkubwa wa darasa la tano anaweza kupewa kazi ya kukaa na wadogo mlangoni kwa jirani, mbali na nyundo. Jioni, kabla watoto hawajarudishwa uani, mtu mzima avae viatu na kupita taratibu na sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu ya redio, imefungwa kwenye uzi, akiiburuza chini ya mchirizi wa bati kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine. Kopo la maziwa litajaa misumari nusu, pengine zaidi, na kesho yake asubuhi azunguke tena kwenye mwanga.