Mwimbaji wa nyimbo za jadi jijini Eldoret

Eldoret ilitunukiwa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024. Je, mwimbaji wa nyimbo za jadi atapata riziki humo? Huyu hana kazi moja: Jumamosi yuko harusini, Jumatatu anafunza wanafunzi wimbo wa tamasha la muziki, na msimu wa siasa ukiwadia hutumbuiza jukwaani (ujira, aghalabu, ni ahadi tupu).

Mwaka 1950, Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba "Chemirocha", jina la Mmarekani Jimmie Rodgers lilivyotamkwa vijijini. Sauti hizo zikahifadhiwa Afrika Kusini. Ilipita miaka zaidi ya 60 kabla ya nakala kurejeshwa kwa wenyewe.

Haki za mtunzi hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Lakini wimbo wa jadi hauna mtunzi mmoja wa kudai malipo. Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa asilia na tamaduni, inayozipa kaunti jukumu la kusajili urithi huo. Kabla ya kujenga ukumbi wowote, Uasin Gishu na ifungue daftari, wazee wangali hai.