Kipaji hakipimwi kwa michuano michache

MWAKA 2012, Damian Lillard na Josh Selby walitangazwa kwa pamoja wachezaji bora wa ligi ya kiangazi ya NBA, Las Vegas. Lillard akawa chipukizi bora wa msimu uliofuata; baada ya msimu huo Selby hakuonekana tena NBA.

Kimo nacho hudanganya. Mtanzania Hasheem Thabeet aliteuliwa wa pili mwaka 2009, Stephen Curry wa saba.

Somo hilo linawahusu walimu wa michezo wa Mbinga na Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanapoteua vijana wa UMISSETA. Mashindano ya siku chache hayaonyeshi nidhamu wala wepesi wa kujifunza. Anayeachwa leo aendelee kufuatiliwa; huenda ndiye anayetafutwa.