Volti 12 si mchezo: kata umeme kwanza, nyumbani kama kazini



Kazini, fundi mwenye akili hagusi mashine ya umeme kabla ya kukata moto, kutia kufuli na kutundika kibao chake. Lakini siku ya mapumziko, mtu yule yule anafungua kofia ya kamionete yake uani, sigara mdomoni, pete kidoleni, watoto wamemzunguka, naye anaanza kukaza nsinga za batri. Ukimwonya anajibu: «Ni volti 12 tu, haziui mtu.»

Neno hilo ndilo ninalolipinga leo. Ni kweli, volti 12 hazitakurusha. Lakini batri hiyo inaweza kutoa ampere mamia kwa mara moja. Ndiyo maana ina nguvu ya kuamsha mota. Ufunguo wa chuma ukigusa kichwa cha + na mwili wa gari pamoja, cheche zinaruka na chuma kinapata moto mara moja. Pete ikiingia katika njia hiyo, inaunguza kidole kuzunguka chote. Tena, batri inayojazwa umeme inatoa hewa ya idrojeni. Cheche moja inatosha kuipasua batri na kurusha asidi machoni.

Sisemi usitengeneze mwenyewe. Fundi anataka pesa, na barabara mbaya zinalegeza nsinga kila siku. Kazi hii unaiweza. Nasema tu: ifanye kwa utaratibu ule ule wa kazini.

1. Zima mota, toa ufunguo wa kuwashia. Vua pete na saa, zima sigara, vaa miwani ya kukinga macho. Watoto wakae mbali.

2. Fungua kwanza kichwa cha −, kisha cha +. Katika magari yetu ya leo, − imefungwa kwenye mwili wa gari. Ufunguo ukigusa bodi wakati unafungua −, hakuna hatari. Ukianza na +, ndipo moto unapowaka. Wakati wa kurudisha, + kwanza, − mwisho.

3. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji yenye bikarbonate, lakini yasiingie ndani ya batri. Kausha, kisha sugua kwa burashi mpaka chuma king'ae. Usiupulize kwa mdomo, maana una asidi na risasi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto.

4. Nsinga iliyokatika nyuzi, usiisokote na kuizungushia tepu. Sisi watu wa shaba tunajua: umeme mwingi ukipita katika nyuzi chache, nyuzi hizo zinapata joto, tepu inayeyuka, na gari linaweza kuungua na watu ndani. Tia nsinga mpya yenye unene ule ule, na kishikio kipya kilichobanwa sawasawa. Kama huna chombo cha kubania, hapo ndipo umpelekee fundi.

Mama, hata wewe una kazi hapa. Ndoo ya maji safi iwe karibu kabla bwana hajaanza. Asidi ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole, mwaga maji polepole bila kukoma kwa dakika 20 angalau, kisha mlete dispansere mbio. Usitie maziwa, mafuta wala majani. Dakika za kwanza ndizo zinazookoa jicho, nazo ziko mikononi mwako kuliko mwangu.

Kanuni ya kazini haikuwekwa kwa faida ya Kampuni peke yake. Macho unayoyalinda mgodini ndiyo hayo hayo unayorudi nayo nyumbani jioni.

Msaidizi wa daktari, dispansere yenu