Mwalimu hayumo katika hesabu ya wataalamu

Katika madarasa ya chini ya shule zetu hapa Kakamega yupo mtoto ambaye kila mwalimu anamfahamu. Agizo likiwa refu humpotea, na jina la kitu alichokitaja jana hulitafuta leo asilipate. Mwalimu humwita mzito. Mzazi naye akiulizwa hujibu kwamba mtoto alipokuwa mdogo alishikwa na degedege, akalazwa, akapona. Mazungumzo huishia hapo.

Yasingeishia hapo iwapo mwalimu angeyasoma yaliyoandikwa Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa mwaka 1989. Katika makala ya mwaka 2005, Julie Carter na wenzake walionyesha kwamba takriban robo ya watoto waliowahi kuugua malaria ya ubongo walibaki na kasoro za kudumu, ilhali miongoni mwa wenzao wasiougua hivyo alikuwa mmoja hivi katika kila kumi. Mwaka uliofuata ikatoka makala nyingine mahsusi kuhusu lugha ya watoto hao. Wataalamu wa ng'ambo wamezirejelea kazi hizi mara nyingi. Mimi bado sijakutana na mwalimu wa msingi aliyezisikia, nami nimewauliza wengi. Wala jambo hili si la pwani pekee: kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizoteuliwa kwa majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza nchini Septemba 2019.

Katika kituo hicho ndipo alipojijengea jina Profesa Amina Abubakar, Mkenya ambaye ni miongoni mwa watafiti wa ukuaji wa akili za watoto wanaorejelewa sana barani. Mwaka 2008, yeye na wenzake walichapisha kipimo kinachoitwa kwa jina la Kilifi, cha kupima maendeleo ya watoto wachanga kwa kuangalia jinsi wanavyotembea na kutumia mikono. Mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa walioshirikiana na Katie Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster kutoa orodha za kupimia msamiati wa watoto wa Kigiriama na Kiswahili. Orodha za namna hiyo zilibuniwa Marekani, ambako mzazi hujaza fomu mwenyewe. Kilifi ilibidi mzazi asiyesoma aulizwe kwa mdomo.

Kwa mwanaisimu kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtoto wa miaka miwili akisema "sitaki", ametamka neno moja au mambo matatu? Ndani yake mna nafsi, mna kukana, mna kitenzi. Kipimo kilichotungiwa Kiingereza hakiulizi swali hilo. Na aliyekwisha kulijibu kwa Kigiriama hajalijibu kwa Lwisukha wala kwa Lukabarasi; kazi huanza upya, na vijiji vyake, na akina mama wake.

Sasa tuitazame mizani inayotumika kupimia kazi ya namna hii. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h: mwenye makala 20 zilizorejelewa kila moja si chini ya mara 20 hupewa 20. Ni hesabu nyepesi, na pengine ndiyo sababu vyuo viliipenda. Lakini hueleza tu nani anasomwa na waandishi wenzake. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walikumbusha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Anayechunguza watoto wa Kilifi huanza safari akiwa nje ya mlango, na kwamba Profesa Abubakar ameingia ni sifa yake. Mizani haikumsaidia.

Nimewahi kuketi mbele ya kamati ya kupandishwa cheo, chuo sitakitaja, nikaulizwa makala yangu ya Kiswahili imerejelewa mara ngapi. Nilipojibu kwamba inatumika katika vyuo vya ualimu, karani aliandika sufuri. Sikumlaumu, fomu haikuwa na nafasi nyingine. Tangu hapo niliandika makala tatu kwa Kiingereza, na siyasemi haya kwa kujivuna.

Kwa hiyo sipingi kurejelewa. Ninalotaka ni dogo. Kila makala kuhusu akili za watoto wetu iliyogharimiwa kwa fedha za umma au za wafadhili iandamane na ukurasa mmoja wa Kiswahili, upelekwe katika ofisi za elimu za kaunti na vyuo vya ualimu, na ukurasa huo upewe alama katika fomu ile ile ya kupandishwa cheo. Wanafunzi wa isimu katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro wanaweza kuutafsiri kama sehemu ya mafunzo yao, na walio na Lwidakho au Luwanga nyumbani waanze kukusanya maneno ya kwanza ya watoto. Likizo ya Agosti inatosha kuanzia kijiji kimoja.