Nia Hutangulia Sheria
Ingawa Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti amana ya kuzoa taka, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikaamuru zinazooza zitengwe na zisizooza, karani wa Kitale au Bungoma ambaye akilini mwake mazingira ni shughuli ya idara nyingine ataupokea waraka wa sheria hiyo, autie muhuri, auweke jaladani. Ilhali mwenziwe aitakidiye kwamba maji ya Mto Nzoia, yashukayo kutoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangani hadi Ziwa Victoria, ni dhamana yake mwenyewe, hataona taabu kuuliza taka za soko zaenda wapi. Basi enyi wakuu wa kaunti, kabla ya kununua malori, tengenezeni kwanza nia za watumishi wenu.